Kozi za Ukoo Wetu

Katika ukoo wetu mtoto hachagui kozi ya chuo kikuu. Kozi inachaguliwa na kesi.

Nieleze vizuri, maana watu wa kwingine wakinisikia hudhani natia chumvi. Kwetu ni mlimani, juu ya mji wa Same, mahali ambapo ukisimama uani asubuhi unaiona barabara kuu kule chini, nyembamba, na mabasi ya Arusha yanavyotambaa. Tuna migomba, tuna kahawa iliyozeeka ambayo hakuna mwenye moyo wa kuing'oa, tuna tangawizi kwa wale waliojaliwa maji, na tuna kesi. Kesi ndiyo mali yetu kubwa. Inahusu kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa mpira wa shule ya msingi, chenye chemchemi na mkuyu mmoja, na wapinzani wetu ni ukoo wa ng'ambo ya korongo. Ilianza kwa wazee, ikapanda kwenye kata, ikaenda wilayani, ikarudishwa kwa kukosewa utaratibu, ikafunguliwa upya. Watani zetu Wachaga husema Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Wao wanadhani huo ni utani.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya binti yangu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa Fizikia, Jiografia na Hisabati, akafaulu vizuri, na ukoo mzima ukaanza kumtazama kwa macho ninayoyajua. Niliapa kwamba huyu hawatampata. Mimi walishanipata.

Mwenyekiti wa ukoo ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Ujanani alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge huko tambarare, na tabia ya unyapara haikumtoka: wewe kata, wewe beba, wewe funga mizigo. Watoto wa ukoo walipoanza kufaulu, yeye alikuwa mtu wa kwanza kuelewa, au kudhani ameelewa, vyuo vikuu vilijengwa kwa ajili ya nini. Vilijengwa ili tushinde. Kila palipotokea mtoto wa kwenda chuo, kikao kiliitwa uani kwake, Jumapili baada ya ibada, sufuria la makande katikati na sisi tumezunguka. Tukila, yeye akipanga.

Siku ya kikao changu nilikwenda na jibu langu mdomoni. Nilitaka fizikia. Nilikuwa nimeitaka tangu kidato cha tatu, siku mwalimu wetu alipoziba madirisha ya darasa kwa mablanketi ya bwenini, akaacha tundu dogo tu, na ukutani mbele yetu ikajitokeza bendera ya shule, mlingoti wake na mlima nyuma yake, vyote vimesimama kichwa chini. Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilinyamaza, nikajisikia kama mtu aliyeitwa jina lake. Basi nikasema mbele ya kikao: fizikia.

Baba mkubwa alitafuna, akameza.

"Fizikia ni ya nini, mwanangu?"

"Ni ya mwendo wa vitu, baba mkubwa. Nguvu, mwanga, sauti."

"Mwendo," alisema. "Mkuyu wetu hauendi popote. Tunataka mtu wa historia, aandike kwamba sisi ndio tulitangulia kufika pale. Kitabu kikiandikwa na mtu wa chuo, hakimu atakipinga vipi?"

Nilimtazama baba yangu anitetee. Baba alikuwa anachagua maharage kwenye makande, moja moja, kwa bidii ambayo sikuwahi kumwona nayo kabla ya hapo. Nikaenda kusoma historia.

Siku ya kwanza darasani nilikaa kwenye benchi la tatu, na msichana mwenzangu aliyekuja kukaa pembeni yangu nilimtambua kabla hajaketi. Alikuwa wa ng'ambo ya korongo. Ukoo wao nao ulikuwa umekaa kikao chao, wamekula makande yao, wakaona wanahitaji mtu wa historia. Tulisalimiana kwa adabu zote, tukaulizana habari za nyumbani, na kwa miaka yote ya kozi ile tulikaa benchi moja bila kuazimana hata peni. Mhadhiri wa masimulizi ya mdomo, alipogundua kwamba tunatoka kijiji kimoja, alifurahi kama mtu aliyeokota fedha. Alisema tufanye utafiti pamoja. Tulitazamana, tukakataa kwa pamoja, na naamini ndiyo mara pekee ambayo koo zetu mbili zimewahi kukubaliana jambo.

Ndaki yetu ilikuwa jengo moja refu, sanaa upande huu, sayansi upande ule, na katikati choo ambacho pande zote mbili zilikana kwamba ni chao. Nimeishi humo nikaiona elimu kwa karibu, na sina budi kusema nilichokiona. Watu wa isimu walikaa ghorofa ya chini. Hao wanaweza kushinda muhula mzima kwenye sauti moja ya ulimi na muhula ukaisha sauti haijaisha. Waliposikia natoka Upareni walinikamata koridoni niwatajie viungo vya mwili kwa Chasu, lugha yetu. Niliwatajia, kuanzia kichwani hadi kisiginoni, wakanishukuru sana. Mwaka uliofuata wakaja wengine, wakaanza tena kichwani. Hakuna hata mmoja aliyetaka kusikia sentensi nzima.

Falsafa walikuwa juu yao. Mhadhiri mmoja wa kule alifundisha kwa wiki kadhaa kwamba hatuwezi kuwa na hakika kama meza ipo. Siku meza yake ilipohamishiwa ofisi nyingine alipiga makelele mpaka walinzi wakaja. Jiografia walipaka rangi. Nina binamu aliyetumwa huko na ukoo, akarudi na ramani safi kabisa, yenye kipimo na mshale wa kaskazini, na mpaka wa shamba ulipita pale pale ambapo baba mkubwa alitaka upite. Na historia, kozi yangu mimi, tulifundishwa kumtilia shaka kila mtu anayesimulia, isipokuwa mhadhiri.

Lakini dharau yangu kubwa niliwawekea watu wa sosholojia. Hawa walisomea mambo ambayo shangazi yangu huyajua akishahudhuria msiba mmoja: nani hasemezani na nani, nani amekaa mbali na nani, nani ameleta unga na nani ameleta mdomo tu. Shangazi huyasema yote tukiwa njiani kurudi nyumbani. Wao huyaandika kurasa mia tatu, halafu mwishoni wanapendekeza utafiti zaidi ufanyike. Nilikuwa nikiwaona wanapita na madodoso yao wamekunja suruali kama watu waendao shamba, nacheka peke yangu.

Fizikia sitaisema vibaya. Maabara yao ilikuwa mwisho wa koridoni upande wa sayansi, na nilikuwa na mazoea ya kupita pale bila sababu yoyote. Siku moja mlango ulikuwa wazi, na kipande cha kioo kilichokuwa mezani kilikuwa kimemwaga rangi zote za upinde wa mvua kwenye shati jeupe la mtu aliyekuwa anafagia. Yeye hakujua. Nilisimama nikatazama hadi aliposogea. Kisha nikaenda kwenye kipindi cha misafara ya biashara ya karne zilizopita, nikachukia kila kitu.

Nilihitimu. Nikapangiwa kufundisha historia sekondari mjini Same, na huko ndiko niliko mpaka leo, kwenye joto, na vumbi linaloingia mpaka kwenye mkate. Kitabu alichokitaka baba mkubwa nilikiandika kama tasnifu. Kimejaa wazee wa ukoo wetu wakisema kwamba ukoo wetu ulitangulia. Mwenzangu wa ng'ambo naye aliandika chake, kimejaa wazee wao. Vyote viwili vilipata alama nzuri.

Sasa nije kwenye mkuyu.

Hoja ya baba mkubwa ilikuwa kwamba mwanzilishi wa ukoo wetu alipofika kwenye chemchemi ile alipanda mkuyu uwe alama. Hoja ya ng'ambo ilikuwa hiyo hiyo, ila aliyeupanda alikuwa mwanzilishi wao. Akili ya kawaida ingesema hapo hakuna wa kumshinda mwenzake. Akili ya ukoo wetu ikasema tutafute umri wa mti. Kwa hiyo mdogo wangu, mtoto wa ami, aliyekosa alama za udaktari, akatumwa kusoma botania. Botania ndiko wanakokwenda waliokosa udaktari, wakapunguzie hasira kwenye majani.

Nilisema kwenye kikao, mbele ya watu wote: "Baba mkubwa, umri wa mti hautataja aliyeupanda. Hata ukiwa na miaka elfu, ni mkuyu tu."

"Wewe ni wa historia," alinijibu. "Mambo ya miti waachie wenye miti."

Ndivyo nilivyojua kwamba hata yeye, bila kukanyaga chuo, alikuwa amekwisha kuelewa ndaki inavyofanya kazi.

Mdogo wangu yule alirudi na kekee maalumu, chuma kirefu chenye tundu katikati. Unakizungusha ndani ya shina, kinatoka na kijiti chembamba cha mbao, na kwenye kijiti hicho unahesabu pete, pete moja mwaka mmoja. Hivyo ndivyo walivyofundishwa. Wasichomfundisha, au walichomfundisha naye akasinzia, ni kwamba pete hizo ni za miti ya nchi za baridi, ambayo hulala msimu mmoja na kuamka mwingine. Mkuyu wetu ulikuwa umesimama na miguu yake ndani ya chemchemi, unakunywa masika, unakunywa kiangazi, haujawahi kulala. Kijiti kilitoka kimechafuka, hakina pete ya kuaminika hata moja. Akatoboa tena, juu kidogo. Akatoboa upande. Utomvu mweupe ulikuwa unachuruzika kwenye gome, watoto wakichovya vidole.

Habari zikavuka korongo. Ng'ambo nao walikuwa na mtu wao wa botania, kwa nini wasiwe naye, tena amesoma darasa moja na wetu. Akaja na kekee yake, akatoboa upande wa kwao. Kesi ikaahirishwa, umri ukapingwa, pande zote zikadai vipimo virudiwe, wakatoboa tena. Kila msimu wa kesi mkuyu uliongezewa matundu. Maji ya mvua yakaingia humo, yakafuatwa na kuvu, majani ya juu yakaanza kupukutika wakati yasipopaswa kupukutika. Wasomi wawili walilitazama hilo wakaandika kila mmoja kwenye taarifa yake kwamba mti umezeeka sana, jambo lililothibitisha hoja ya ukoo wake.

Katikati ya hayo mimi nilisimama shahidi. Koo zetu hazikuwa na wakili. Wakili ni wa nini kama una wasomi wako mwenyewe? Aliyekuja kuniuliza maswali kwa niaba ya ng'ambo alikuwa mwenzangu wa benchi la tatu, sasa mtu mzima, miwani puani. Binti yangu alikuwa amekaa nyuma ya chumba, siku hiyo hakuwa na shule.

"Umeandika kwamba ukoo wako ulitangulia," mwenzangu alisema. "Nani alikuambia?"

"Wazee."

"Wazee wa ukoo gani?"

"Wa kwetu."

"Asante. Sina swali lingine."

Nilishuka pale masikio yamewaka moto. Zamu yangu ilipofika nilimuuliza swali hilo hilo, akajibu jibu hilo hilo, naye akashuka. Mwenyekiti wa baraza la ardhi alitutazama kwa zamu, akaagiza shauri lije kusikilizwa siku nyingine, na nadhani akaenda kunywa chai. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile, na nilijua wa kumlaumu ni nani. Kama ningeruhusiwa kusoma fizikia, nisingekuwa pale.

Kwa hiyo binti yangu nilikuwa nimemwandaa mapema. Sikumlazimisha. Nilimwelekeza tu. Tangu darasa la tano nilimletea vioo, sumaku, vitabu vya mwanga na sauti. Likizo nilimwonyesha bendera kichwa chini kwa kuziba madirisha ya sebule, akasema, "Nimeona, mama," akaomba tufungue kwa sababu ya joto. Alipochagua tahasusi yenye fizikia nilichinja jogoo. Ni mtoto mtulivu, msikilizaji. Kwenye vikao vya ukoo alikuwa anakaa na shangazi zangu nyuma, akiuliza maswali yake ya ajabu: kwa nini wanaopakua makande huwa ni wale wale, na kwa nini hakuna anayekula kabla ya babu hata kama babu hana njaa. Niliyachukulia kuwa ni ya mtoto mwenye akili anayesubiri kupata kitu cha maana cha kuulizia.

Vuli ya mwaka jana, asubuhi, wanawake waliokwenda kuchota maji waliukuta mkuyu umelala. Ulikuwa umekatikia pale penye matundu mengi, ukaangukia chemchemi, ukaifunika yote kwa matawi na matope. Siku mbili tatu mbele baraza lilikuwa limepanga kuja kukagua eneo.

Mtu wa kwanza akasema jambo la kawaida kabisa, kwamba upigwe msaragambo. Msaragambo kwetu hauhitaji maelezo: likitoka tangazo, kila kaya inatoa mtu na panga lake, na kazi ya wiki inaisha kabla ya jua kukolea. Hivyo ndivyo tunavyosafisha mifereji na malambo yetu ya maji, na hata maadui hukutana humo. Lakini baba mkubwa alikataa. Alisema tukipiga msaragambo pamoja na ng'ambo, tutakuwa tumekiri mbele ya baraza kwamba eneo ni la wote. Ng'ambo nao, kwa hekima hiyo hiyo, walikataa. Ikawekwa kamba kuzunguka mti, ushahidi usiguswe. Maji ya koo mbili yakabaki chini ya ushahidi, na wanawake wa pande zote wakawa wanashuka korongoni na ndoo, na kupanda nazo, njia ya mbuzi, mvua juu.

Nilipanda na binti yangu kwenda kuona. Tukawakuta wanapishana kwenye ule mteremko, wa kwetu na wa ng'ambo, wanapokezana ndoo mahali penye utelezi bila kuongea.

"Mama," alisema, "mbona hao wanaochota maji hawajawahi kuitwa kwenye kesi?"

"Hilo si swali la fizikia," nilimwambia. "Angalia badala yake shina lilivyovunjika. Hapo kuna mambo ya nguvu na uzito."

Hakuangalia shina. Aliendelea kuwaangalia wale wanawake.

Baraza lilipofika, tulikuwa pale sote: wasomi wa huku na wasomi wa kule, historia kwa historia, ramani kwa ramani, kekee kwa kekee. Mwenyekiti wa baraza alivua viatu vya mjini, akavaa vya mpira alivyoazimwa, akauzunguka mkuyu uliolala mpaka akamaliza. Kisha akawaita watu wawili wa botania wasimame mbele.

"Nisaidieni," alisema. "Mkuyu huwa unapandwa na nani?"

Walitazamana. Darasa moja, mhadhiri mmoja. Yule wa ng'ambo akatazama chini.

"Mara nyingi ni ndege, mheshimiwa," alisema mdogo wangu, kwa sauti ndogo. "Wanakula tunda, wanaidondosha mbegu."

"Wewe umeanza kulijua hilo lini?"

"Tulisoma mwaka wa kwanza."

Wanawake waliokuwa wameweka ndoo pembeni walicheka kwanza, halafu watu wote wakacheka, isipokuwa baba mkubwa na mimi. Yeye hakucheka kwa sababu aliona ni uchochezi. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nahesabu kichwani maisha ya watu yaliyopotelea pale, yangu yakiwa ya kwanza. Mwanamume mzima alijua tangu mwaka wa kwanza, na aliendelea kutoboa kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa. Nilimdharau mpaka nikashindwa kumtazama.

Uamuzi ulisomwa wiki chache baadaye, mjini. Chanzo cha maji ni cha kijiji, si cha ukoo huu wala ule. Mti uondolewe, watu wachote maji. Tulitoka nje, na kabla hatujafika kwenye kivuli baba mkubwa alikuwa ameshasema neno nililokuwa nalingoja.

"Rufaa."

Jumapili iliyofuata kikao kiliitwa. Niliingia uani kwake na binti yangu nyuma yangu, tukaamkia watu wote mmoja mmoja, shikamoo na marahaba mpaka mwisho wa mstari. Makande yalikuwa tayari. Baba mkubwa alikuwa amezeeka, lakini sauti ilikuwa ile ile ya shamba la mkonge.

"Tulikosea kushika mti," alisema. "Mti unaanguka. Jiwe halianguki. Maji yale yanatoka chini ya mwamba, na mwamba umeanzia upande wetu. Tunataka mtu wa jiolojia." Akamgeukia binti yangu, akatabasamu. "Mjukuu wangu, umesoma jiografia, umesoma hesabu. Wewe ndiye."

Nilikuwa nimesubiri dakika ile kwa miaka. Nilisimama. Nilimwambia baba mkubwa mambo ambayo mtoto hapaswi kumwambia baba yake mkubwa mbele za watu: kwamba ametugeuza matofali ya kujengea ukuta wake, kwamba mimi nilinyamaza nikiwa binti lakini sasa ni mama, kwamba mtoto huyu atasoma anachokitaka yeye mwenyewe, na anachokitaka ni fizikia. Nilisema maombi yalikwisha kutumwa, nilimjazia mwenyewe kwenye stesheneri ya pale stendi, chaguo la kwanza fizikia, la pili fizikia, la tatu fizikia. Shangazi mmoja alianza kulia, na mimi nilijivunia nafsi yangu kuliko siku ya mahafali.

Baba mkubwa alifuta mdomo kwa kiganja. Alimtazama binti yangu.

"Ni kweli, mjukuu? Fizikia?"

Binti yangu alikuwa ameshapakuliwa. Aliweka bakuli magotini.

"Hapana, babu. Hiyo ni ya mama."

Shangazi aliyekuwa analia akageuka kunitazama.

"Mama naye alifanya kikao," aliendelea, kwa adabu, bila kupandisha sauti. "Ila yeye alikifanya peke yake, kule stendi, wala hakukuwa na makande. Mimi niliingia jana kwenye simu, dirisha la mwisho la maombi lilikuwa bado wazi, nikabadilisha. Nimeweka sosholojia."

"Hiyo ndiyo nini?" aliuliza baba mkubwa.

"Ni ya kuwasoma watu, babu. Wanavyoishi. Kwa nini wanafanya wanavyofanya."

"Watu gani?"

"Ninyi."

Hakulisema kwa ubaya. Alinyoosha kijiko kidogo tu, kikaelekea kwa baba mkubwa, kisha kikasogea mpaka kwangu mimi niliyekuwa bado nimesimama, na hakikusimama katikati kuonyesha tofauti. Nilitaka kusema kuna makosa, kwamba mimi na mzee huyu si watu wa bakuli moja. Niliketi pale palipokuwa wazi, na palipokuwa wazi palikuwa pembeni yake.

Baba mkubwa aliniinamia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuniuliza jambo la elimu.

"Mwanangu, wewe uliikuta huko chuoni. Hii sosholojia ina faida yoyote kwenye rufaa?"

"Haina, baba mkubwa," nilisema. "Haina faida yoyote, kokote."

Binti yangu alituangalia sote wawili, kwa muda, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Kisha akaendelea kula makande yake.